Nani Aliyepima Joto la Nyumba Zetu?

Joto la Mombasa lina historia mbili. Moja imeandikwa: imo katika madaftari ya manahodha, barua za wamisionari na rekodi za watabiri wa hali ya hewa. Nyingine haikuandikwa popote, kwa sababu ilibaki ndani ya nyumba. Ilijulikana kwa kiganja cha mama juu ya paji la uso la mtoto, kwa nyayo juu ya sakafu, kwa mgongo ulioegemea ukuta wa ukumbi saa za alasiri. Historia ya kwanza ina tarakimu na majina ya wageni. Ya pili ina nyumba zenyewe, na mafundi waliozijenga hawakuacha saini.

Leo mkazi wa mtaa wetu wa Tudor anaweza kuingia duka la vifaa vya umeme na kutoka na kipimajoto chenye umbo la bastola, kinachosoma joto la ukuta, bati au sufuria bila kugusa. Wengi walikijua kifaa hiki mlangoni mwa benki au msikiti mwaka 2020. Hata hivyo mizizi yake ni mirefu kuliko korona, na kazi yake nyumbani ni kubwa kuliko ile tuliyoizoea ya kulengwa kwenye paji la uso. Ili tuitambue kazi hiyo, inafaa turudi nyuma hadi wakati ambapo hakuna mtu duniani aliyekuwa na tarakimu ya joto.

Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano. Karibu na miaka hiyo hiyo Galileo alikuwa akifundisha Padova, na akachezea bomba la kioo lenye tufe la hewa juu na maji chini. Hewa ikipata joto hutanuka na kuyasukuma maji chini. Ikipoa, maji hupanda. Bomba lile lilionyesha kwamba joto limezidi au limepungua, lakini halikuweza kusema ni kiasi gani, kwani halikuwa na alama zilizokubaliwa. Kwa hiyo ngome ile iliyomeza mawe mengi ya kisiwa chetu ilijengwa na watu ambao, kuhusu joto, hawakuwa na kipimo bora kuliko cha fundi wa Kiswahili aliyekuwa akijenga nyumba mitaa michache kutoka hapo.

Na fundi yule alijua mengi. Alikata mawe ya matumbawe, akachoma chokaa, akaleta boriti za mikoko kutoka kwenye mahori. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vya nyumba kongwe za pwani ni vyembamba na virefu, mara nyingi chini ya mita tatu kwa upana. Kuta alizifanya nene, akazipaka chokaa nyeupe, akaacha vichochoro vyembamba kiasi kwamba jua la asubuhi hugonga upande mmoja na la jioni upande wa pili, na katikati ya mchana tu ndipo linapofika chini. Ukuta mnene una tabia ya kuchelewa. Jua huupiga tangu asubuhi, na joto lake hufika ndani jioni. Mchana chumba huwa na nafuu. Usiku ukuta huanza kulipa deni lake, na wenyeji walijua dawa yake: kuhamia barazani au juu ya paa, kungoja upepo wa bahari. Hii ilikuwa elimu kamili ya joto, iliyopimwa kwa vizazi badala ya digrii.

Upande wa pili kulikuwa na nyumba ya fito na udongo iliyoezekwa makuti, ambayo baadaye ilijaza mitaa kama Majengo. Ukuta wake mwembamba haukuweka joto, na makuti yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka yalikatiza jua huku yakiruhusu hewa ya moto kupenya na kutoka. Wataalamu wa karne ya 20 walioandika juu ya ujenzi wa nchi za joto na unyevu walishauri mambo hayo hayo: paa lisilohifadhi joto, kivuli, na njia ya upepo. Sisemi nyumba ya makuti ilikuwa pepo. Iliungua, iliingiwa na mchwa, na mtu aliiezeka upya kila baada ya miaka michache. Ila kuhusu joto, ilikuwa na busara ambayo bati lililoirithi halina.

Huko Ulaya vipimo viliendelea kuzaliwa. Daniel Gabriel Fahrenheit alitengeneza kipimajoto cha zebaki mwaka 1714. Anders Celsius wa Uswidi alipendekeza mizani ya hatua 100 mwaka 1742, zama ambazo ukoo wa Mazrui ulikuwa ukishika hatamu za Mombasa. Kwanza Celsius aliweka 0 mahali maji yanapochemka na 100 yanapoganda, waliomfuata wakaigeuza. Pwani haikuwa na haja nayo. Matabibu wetu walifuata elimu ya mizaji iliyopitia kwa Ibn Sina, ambamo chakula, mwili na majira vina joto au baridi yake, na mgonjwa huangaliwa kwa jinsi vitu hivyo vinavyolingana ndani yake.

Homa ndiyo iliyowaumiza wageni, na ndiyo iliyowafanya waandike. Mwaka 1824 nahodha William Owen wa Uingereza alifika Mombasa na kupandisha bendera yake kwa ombi la Mazrui. Luteni John James Reitz, aliyeachwa kuwa msimamizi, alikufa kwa homa mwaka huo huo, na jina lake likabaki kwenye hori la Port Reitz. Hori la upande wa pili wa kisiwa likaandikwa katika ramani za mabaharia kwa jina la Tudor. Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga ng'ambo ya kisiwa, miezi michache tu baada ya kufika. Hakuna aliyepima homa ile. Kipimajoto cha hospitali kilikuwa bado kirefu na kizito, na madaktari wengi waliona si kazi yao kukishika. Ilikuwa miaka ya 1860 ndipo Thomas Clifford Allbutt wa Uingereza alipotengeneza kifupi cha kubebwa mfukoni, na Carl Wunderlich wa Leipzig akatangaza, kwa vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000, kwamba mwili wenye afya hukaa karibu na digrii 37.

Kabla ya hapo, jambo la ajabu lilitokea katika njia ya kutoka Mombasa kwenda bara. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mwenzake Krapf wa Rabai, alikaribia nchi ya Wachaga akaona mlima wenye weupe kileleni. Alimuuliza kiongozi wa msafara weupe ule ni nini. Yule hakuwa na jina la theluji. Alisema ni baridi. Rebmann alipoandika kwamba amekuta theluji karibu na ikweta, William Desborough Cooley, mwanajiografia wa mezani huko London, alimkatalia kwa miaka. Kiongozi yule wa msafara, mtu wa Pwani, alisoma joto la kitu kilichokuwa mbali kwa macho tu, na akapatia. Bwana wa London, mwenye vitabu vyote, akakosea.

Miaka 10 baadaye msafiri Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa amepita Mombasa na Richard Burton mwezi wa Januari 1857, alifika kwenye ziwa Nyanza akiwa amebakiwa na kipimajoto cha kupimia maji ya kuogea. Alichemsha maji akasoma digrii yalipotokota, kwani kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka mapema, akakadiria ziwa liko juu ya bahari kwa futi 3,700 na kitu. Leo tunajua kimo chake ni mita 1,134, na hesabu ya Speke inakaribiana nacho mno. Kifaa cha nyumbani, kikishikwa na mtu anayejua kinapima nini, huweza kusema kweli kubwa.

Je, mtu anaweza kulijua joto la kitu asichokigusa, na kwa tarakimu? Jibu lilikuwa limeanza kupatikana hata kabla Rebmann hajazaliwa. Mwaka 1800 William Herschel, mwanamuziki wa Hanover aliyehamia Uingereza na kuwa mwanafalaki, alipitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo, ukatawanyika rangi zake, kisha akaweka vipimajoto vyenye tufe zilizotiwa weusi kwenye kila rangi. Kimoja alikiweka nje ya rangi nyekundu, mahali macho hayaoni kitu. Hicho ndicho kilichopanda zaidi. Kulikuwa na miale isiyoonekana, na ilibeba joto. Miale hiyo ndiyo tunayoiita infraredi.

Mwaka 1804 John Leslie wa Scotland akachukua sanduku la chuma lenye maji ya moto, upande mmoja umepakwa masizi, mwingine umesuguliwa ukang'aa. Maji ni yale yale, chuma ni kile kile, lakini upande wa masizi ulimwaga joto kwa wingi na ule unaong'aa ulitoa kidogo mno. Ninamwomba msomaji alishike jaribio hili la Leslie, kwa kuwa litarudi jikoni kwetu. Baadaye Thomas Seebeck, mwaka 1821, aligundua kwamba metali mbili zilizounganishwa hutoa umeme ncha moja ikipata joto. Leopoldo Nobili na Macedonio Melloni wa Italia wakaunganisha jozi nyingi za metali hizo zikawa kifaa kimoja chepesi kuhisi, kilichoweza kumtambua mtu aliyesimama mita 10 mbali kwa joto la mwili wake. Mwaka 1879 Josef Stefan akapata kanuni: miale hiyo huongezeka kwa kipeo cha nne cha joto, likihesabiwa kutoka sifuri halisi. Mwaka 1900, reli ya Mombasa ikiwa imeshapita Nairobi, Max Planck akaeleza kwa nini.

Ukikifungua kipimajoto cha bastola cha leo utakuta ukoo huo wote ndani yake. Lenzi ya mbele hukusanya miale na kuielekeza kwenye kijidude cha silikoni ambacho ni mjukuu wa kifaa cha Nobili na Melloni. Umeme mdogo unaotoka huhesabiwa kwa kanuni ya akina Stefan na Planck, tarakimu ikatokea. Chenyewe hakitoi miale yoyote ya kupimia, kinapokea tu. Uvumi uliozagaa wakati wa korona kwamba kinachoma ubongo haukuwa na msingi. Kile kinukta chekundu ni leza ya kulengea, na hatari yake ni kwa jicho tu.

Lakini sehemu kubwa ya karne ya 20 ilipita bila kifaa hicho kufika nyumbani, na joto la Mombasa likaendelea kupimwa nje. Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya Waingereza ilianzishwa mwaka 1929, makao yake Nairobi. Kipimajoto chake kilikaa ndani ya kisanduku cheupe cha mbao chenye matundu, juu ya nyasi, mbali na kuta. Hivyo ndivyo inavyotakiwa ili joto la hewa la Mombasa lilinganishwe na la Lamu au Bombay, na ndiyo maana taarifa ya habari hutuambia kwamba Machi, kaskazi likiwa linaishia, mji umefika digrii 32 au 33, na kwamba usiku wa kipupwe, Julai na Agosti, hushuka hadi 20. Ni kweli tupu. Ila ni joto la hewa kivulini, kwenye uwanja wa ndege, na hakuna mtu anayelala ndani ya kisanduku kile.

Wakati huo huo nyumba zilikuwa zikibadilika. Bati la mawimbi lililokuja na bandari na reli lilienea kwa sababu nzuri: haliungui, haliliwi na mchwa, na fundi hulipiga misumari kwa siku moja. Umeme nao ukaingia. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua mtambo uliotumiwa na Sultani wa Zanzibar, na ikaanzishwa kampuni ya umeme na taa ya Mombasa. Pale Tudor palijengwa taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa ya Bohora na serikali ya kikoloni, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Ikawa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mtaa wetu, basi, una historia yake ya mafundi na vipimo, na nitaitegemea mwishoni.

Kifaa cha miale kilitoka viwandani, kikaingia hospitalini, na ni maradhi ya kuambukiza yaliyokipeleka barabarani. Viwanja vya ndege vya Asia vilitumia kamera za joto wakati wa SARS mwaka 2003. Ebola ya Afrika Magharibi ya 2014 ilifanya bastola za joto zijulikane barani. Wasemaji wenzetu wa Kiswahili wa Beni na Butembo, Kongo ya mashariki, waliishi nazo tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020: kila kizuizi cha barabarani kilikuwa na ndoo ya maji ya klorini na mtu mwenye kipimajoto. Mlipuko ule uliua watu zaidi ya 2,200. Juni 2019 ulivuka mpaka hadi Kasese, Uganda, ukazimwa haraka.

Kisha ikawa zamu yetu. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Aprili 8 Mombasa ikafungwa pamoja na Kilifi na Kwale, watu wasitoke wala kuingia. Mei 6 serikali ikatangaza kuufunga Mji wa Kale kwa siku 15, na vichochoro vilivyojengwa ili watu wapate kivuli na upepo vikawekewa vizuizi. Misikiti ilipofunguliwa tena Julai, kwa watu wasiozidi 100 na kwa saa moja tu, kipimajoto kilisimama mlangoni pamoja na maji ya kunawa.

Nasema wazi kwamba kazi ile ya mlangoni ilikuwa kazi dhaifu kabisa ya kifaa hiki. Paji la uso si kitovu cha mwili. Aliyetembea juani kutoka Kongowea hadi mjini hufika na ngozi ya moto, aliyetokwa jasho kwenye upepo hufika na ngozi iliyopoa, na mwenye virusi asiye na homa hupita salama. Kifaa cha hospitali hufanya hesabu ya kubadili joto la ngozi liwe makadirio ya joto la mwili, na hupima kati ya digrii 32 na 43 hivi tu. Cha nyumba na viwanda husoma kutoka chini ya sifuri hadi mamia ya digrii, lakini huweza kukosea kwa digrii moja na nusu au mbili. Kwa ukuta hiyo si kitu. Kwa mtoto ndiyo tofauti kati ya mzima na mwenye homa. Mzazi asimpime mtoto kwa kifaa cha ukuta. Kipimajoto cha kwapani ni rahisi na cha kuaminika zaidi, na homa ya mtoto hapa Pwani inataka kipimo cha malaria zahanati, haitaki mjadala wa sebuleni.

Nyumbani, kifaa kina kazi nyingine, na hapo ndipo kinapoonyesha thamani yake.

Anza na paa. Saa nane mchana, mwezi wa Februari au Machi, lenga upande wa ndani wa bati lisilo na dari chini yake. Digrii 50 na zaidi si ajabu. Sasa lenga ukuta wa upande wa kivuli: labda 31, labda 32. Kwa kanuni ya Stefan, bati la digrii 50 hummiminia aliye chini yake zaidi ya wati 100 kwa kila mita ya mraba kuliko ambavyo lingemmiminia kama lingekuwa na joto la ukuta ule. Hapa kuna jibu la lile fumbo la wapangaji wa Tudor, ambao redio huwaambia ni digrii 32 nao wanahisi wamo ndani ya tanuri. Redio haisemi uongo. Hewa ni 32. Kinachowaunguza ni paa, kwa miale, na feni huisukuma hewa tu, haiwezi kuikatiza miale ile. Ukiweka dari ya mbao laini au hata ya mkeka, ukaacha nafasi ya hewa kupita juu yake, lenga tena: utaona umepunguza tarakimu ile ambayo mwili unaijali.

Bati jipya linalong'aa litakudanganya. Hapa Leslie anarejea. Uso unaong'aa hutoa miale michache na kuakisi ya vitu vingine, kwa hiyo kifaa husoma joto la mbingu au la ukuta wa jirani badala ya bati. Sufuria mpya ya alumini iliyosuguliwa kwa sifongo ya chuma, maji yakitokota ndani yake, huweza kusomeka digrii 40 na kitu. Sufuria ile ile yenye masizi nje, au tawa jeusi la chapati, husomeka kwa ukweli. Dawa ni kubandika kipande cha utepe wa karatasi juu ya chuma, ukisubiri kidogo kipate joto la chuma, kisha kulenga utepe. Moto ukiwa mkali mno kwa utepe, lenga doa la masizi. Kwenye mafuta ya kaimati, koroga kwanza kisha lenga kwa mshazari, maana mvuke ukitua kwenye lenzi ya kifaa tarakimu huharibika, na kifaa husoma uso wa mafuta tu.

Kuhusu rangi nyeupe, kuna jambo lililonipa heshima mpya kwa mafundi wa zamani. Chokaa machoni petu ni nyeupe: hurudisha jua. Kwa miale ya infraredi inayotolewa na ukuta wenyewe, chokaa ni nyeusi karibu kama masizi: hutoa joto lake kwa urahisi. Yaani ukuta uliopakwa chokaa hukataa joto la mchana na kuachilia lile lililoingia, yote mawili kwa pamoja. Bati tupu linalong'aa hurudisha jua kiasi, lakini joto linalolipokea hulishikilia. Lenga ukuta mweupe wa Mji wa Kale na ukuta wa saruji tupu uliopigwa na jua lile lile, utaiona tofauti. Leo wahandisi wa nchi tajiri huuza rangi nyeupe za mapaa kama uvumbuzi. Mombasa ilikuwa na chokaa karne nyingi kabla hawajazaliwa.

Swichi na soketi ni jambo la usalama. Waya uliolegea huwa na ukinzani, na ukinzani huzaa joto. Lenga soketi ya friji, ya pasi, ya hita ya maji, kisha soketi isiyotumika kwenye ukuta huo huo. Plastiki husomeka vizuri. Moja ikizidi wenzake kwa digrii kadhaa, na hasa ikizidi kwa 10 au zaidi, zima na umwite fundi wa umeme. Usiifungue mwenyewe. Katika nyumba ambazo nyaya zake zilitandazwa wakati mpangaji alikuwa na redio na taa mbili tu, kipimo hiki peke yake kinatosha kuwa sababu ya kununua kifaa.

Kwenye friji, pima chupa iliyokaa ndani usiku kucha, kwani hewa haisomeki. Shirika la Afya Duniani linataka chakula cha baridi kikae chini ya digrii 5 na cha moto juu ya 60. Dirisha la kioo nalo halipenywi na miale hii: ukilenga mti kupitia dirishani unasoma kioo. Umbali pia una kanuni. Kifaa cha uwiano wa 12 kwa 1, ukisimama mita 3, hupima duara la sentimita 25, wala si kile kinukta cha leza. Asiyejua hivyo hulenga swichi kutoka upande wa pili wa chumba na kusoma ukuta. Na kuna faida moja ambayo mtaa wenye mgao wa maji utaipenda. Tangi jeusi la plastiki likipigwa na jua, sehemu yenye maji hubaki na nafuu na sehemu tupu ya juu hupata moto. Pitisha kifaa kutoka chini kwenda juu ubavuni. Panaporuka tarakimu ndipo maji yanapoishia, na hakuna aliyepanda ngazi.

Alfajiri, elekeza kifaa kwenye mbingu isiyo na wingu. Kitasoma chini sana kuliko joto la hewa. Paa huiona mbingu hiyo usiku kucha na kuimwagia joto lake, na ndiyo sababu bati huamka na umande unaotiririka hata siku ambayo hakukunyesha. William Charles Wells aliyaeleza haya katika kitabu chake juu ya umande mwaka 1814. Wingu likitanda, tarakimu hupanda, na usiku wa mawingu wa masika huwa mzito kuulala kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa Mombasa inajengwa upya. Nyumba za zamani za Buxton, jirani zetu, zilibomolewa mwaka 2021 na magorofa yakaanza kuinuka, na mitaa mingine ya nyumba za serikali, Tudor ikiwamo, imo katika mpango huo huo wa kaunti. Miti ya mikungu na miarobaini hukatwa kupisha maegesho. Madirisha yanapangwa kwa sura ya jengo, bila kuuliza kusi na kaskazi vinaingilia wapi. Hoja ya joto haijadiliwi kwa sababu haina tarakimu, na mpangaji anayelalamika huambiwa Mombasa ndiyo ilivyo.

Tarakimu sasa inawezekana. Chuo Kikuu cha Kiufundi kiko hapa hapa Tudor, kina wanafunzi wa ujenzi na wa umeme, na kifaa ni cha bei ambayo idara yoyote inaimudu. Nawaomba walimu wake wawatume vijana wapime mapaa, dari na kuta za mtaa kwa mwaka mzima, kaskazi na kusi, mchana na usiku, penye mti na pasipo mti, chini ya bati, zege na makuti, kisha matokeo yawekwe hadharani. Naiomba kaunti isiidhinishe mchoro wa nyumba za watu bila kuona vipimo vya nyumba zilizokwisha kujengwa kwa mchoro kama huo. Nawe msomaji, ikiwa kile cha korona bado kiko kwenye droo, angalia kwanza kama ni cha mwili au cha vitu. Kikiwa cha vitu, tia betri mpya, na uanzie leo kwenye soketi ya friji.